Misumari Minane Kwenye Fremu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Mei. Nyanga.

Nimepiga randa tangu asubuhi. Meza ya jirani, mbao ya mkaratusi, ngumu kama roho ya mgambo. Randa imeteleza tu. Hapa Nyanga hakuna anayenoa kama mimi. Kuna mwaka nilinoa patasi, nzi akatua kwenye makali yake, akaruka akiwa nzi wawili. Watu wanacheka. Hawakuwepo.

Saa saba mke wangu Koku amepigiwa simu na mdogo wake Jovina. Mama yao anatoka hospitali Jumamosi. Alivunjika nyonga mwezi wa tatu, aliteleza kibanjani, kwenye migomba, na mkungu kichwani. Anarudi kwake Ngenge kwenye kiti cha magurudumu. Jovina amepima mlango wa chumba cha mama. Kiti kimezidi kwa vidole vinne. Kwa hiyo fremu itoke, akae na pazia.

Fremu ile ni kazi yangu. Mvule mtupu, upana wa shubiri moja. Niliifunga miaka ishirini na miwili iliyopita, nikimposa Koku. Nilimwahidi baba mkwe fremu isiyo na msumari hata mmoja, vigingi vya mti tu, kama kazi za wazee. Alipoiona imekamilika aliita majirani, akawapa kahawa ya kutafuna, akawaambia, pitisheni mkono, mtafute msumari. Hawakuupata. Nikapewa mke. Mpaka anakufa, mgeni yeyote aliyefika kwake alionyeshwa fremu ile kabla hajaonyeshwa kiti.

Sasa habari mbaya. Jovina anasema mume wake naye atakuja, na mashine yake mpya. Anatoli. Mwanyumba wangu. Alikuwa karani wa chama cha kahawa, ufundi ameuanza juzi akiwa na miaka arobaini. Na mama mkwe anamwita "mwanangu Anatoli." Mimi ananiita Kaijage. Kaijage, kavu hivyo hivyo.

Sina raha.

Jumanne, 13 Mei. Ngenge.

Basi mpaka Muleba, halafu pikipiki. Mimi mbele, Koku nyuma, mtaimbo wangu begani. Mgongo unauma.

Anatoli tumemkuta uani. Amekaa kwenye mkeka, mashine mapajani, anaisugua kwa mswaki. Mswaki wa meno. Nimefikiri ni mtoto mchanga.

Niiandike ilivyo, nisije nikasema sikuitazama. Ni ndogo, unaishika kwa mkono mmoja kama tochi. Mbele inafungwa bledi bapa. Bledi haizunguki kama ya grenda. Inatetemeka kushoto na kulia, haraka mno, jicho linaona ukungu tu. Sauti ya nyigu. Kwa hiyo mimi naiita nyigu. Sifa yake ni kwamba unaichomeka popote, kwenye kona, kwenye ufa, ikakata bapa na ukuta. Msumeno unataka nafasi ya kwenda na kurudi. Grenda inataka uwanja mzima. Nyigu haitaki kitu.

Anatoli ana utaratibu wa kikarani. Kwanza anatoa betri, ndipo anagusa bledi. Vitundu vya hewa anavisugua, akisema vumbi likiziba humo mota inapumua kwa shida na kuungua. Pale bledi inapobanwa anapafuta mafuta yote, maana pakiwa na uchafu bledi inacheza na kukata upande. Betri haiachi juani. Bledi ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa vitambaa vya rangi. Chekundu za mbao. Kijani za chuma na za mbao yenye misumari. Cheupe ni cha zile za kabaidi, za vitu vigumu kabisa. Kitambaa cheupe hakina kitu, alizimaliza kwenye vigae vya padri.

Nimemwambia mimi bledi moja ya msumeno ilinitosha kujenga shule mbili. Akaitikia, "Hongera kaka." Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Naionea wivu mashine. Nayaonea wivu mpaka yale matambara.

Jumatano, 14 Mei.

Nilianza mimi. Ni haki yangu, mimi ndiye mkwe mkubwa. Nikaingiza mtaimbo kati ya fremu na ukuta, nikabinya mara moja. Plasta ikaanguka kipande cha ukubwa wa sinia, na ufa ukapanda mpaka kwenye boriti. Ukuta ni wa tofali mbichi, nilisahau. Jovina akapiga kelele, "Shemeji, unataka mama aje alale nje?"

Nikaweka mtaimbo chini. Nikasema nilikuwa naupima ukuta.

Ikaja zamu ya nyigu. Anatoli akapiga goti sebuleni, mbele ya fremu, akanigeukia kwa adabu zake.

"Kaka, wewe ndiye uliyeifunga. Ina msumari?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Koku alikuwa amesimama pale na fagio, ananitazama kama alivyonitazama siku ile ya kutafuta msumari.

"Hata mmoja," nikasema. "Vigingi vitupu."

Akafungua kitambaa chekundu. Bledi ya mbao, meno makubwa, chuma laini. Akaichomeka kati ya fremu na ukuta. Mvule ukaanza kutoa unga wa njano. Bledi ikashuka vidole vinne hivi, kisha mlio kama wa bati, na cheche. Alipoitoa, meno yalikuwa yameisha. Laini kama ukucha.

Anatoli akakuna kichwa. "Labda mzee aliongeza msumari baadaye, fremu ilipolegea."

"Labda," nikasema.

Nimemsingizia marehemu. Naandika hapa maana hakuna anayesoma. Ile misumari niliipiga mimi. Minane. Nilikuwa nimechonga vigingi kweli, vizuri, vya mzambarau. Lakini tofali mbichi halishiki kigingi, lilimomonyoka, na wazee walikuwa wanakuja kukagua keshokutwa yake. Nikaipiga minne upande wa sebuleni, minne upande wa chumbani, nikazamisha vichwa, nikaziba matundu kwa gundi na unga wa mvule, nikapiga msasa mpaka mwenyewe nikapoteza mahali ilipo. Na si misumari ya kawaida. Ni misumari ya zege, nilipewa na rafiki kwenye ujenzi mmoja pale Bukoba. Ile imechomwa ikawa ngumu, ukiigonga vibaya haipindi, inakatika.

Mchana akafunga bledi ya kijani. Akapunguza mwendo. Ilisugua tu na kulia, ikageuka rangi ya buluu. Akaizima, akafungua vitundu vya hewa, akavisugua, akaikagua pale pa kubania, akaifunga upya. Anajilaumu. Anasema labda ameitunza vibaya.

Nilifurahi. Ndiyo. Nilikaa kwenye benchi nikala ndizi na maharage, nikafurahi.

Alhamisi, 15 Mei.

Anatoli ameamka na akili mpya. Asikandamize. Aende polepole, ayumbishe bledi taratibu isipate moto mahali pamoja, aipumzishe, atone tone la mafuta. Saa nzima kwa msumari mmoja. Ulikatika. Bledi mbili za kijani zimekufa kwa huo mmoja. Zimebaki nne.

Kisha likaja lile ambalo wote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Bledi inaingia vidole vitatu tu. Fremu ina upana wa shubiri. Misumari ya upande wa sebuleni unaifikia ukiwa sebuleni. Ya upande wa ndani lazima uingie chumbani. Na mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata nyumba ikiwaka moto utamwita mtu mwingine akamtoe. Mimi sikuwahi kukanyaga pale tangu siku niliyomaliza kazi, na siku ile kilikuwa bado chumba kitupu, hakina kitanda wala mwenyewe. Anatoli naye haingii. Tukasimama kwenye kizingiti wanaume wawili na mashine, kama ng'ombe mbele ya daraja.

Jovina ana mimba ya miezi saba. Akabaki Koku.

Mke wangu.

Anatoli akamfundisha kwa nusu saa. Toa betri kwanza. Bledi ibane mpaka isicheze. Shika kwa mikono miwili. Washa kabla hujagusa, usiguse kabla hujawasha. Iache ifanye kazi yenyewe, wewe iongoze tu. Akampa miwani yake ya plastiki na barakoa. Mimi nikasema miwani ya nini, nimekata vyuma miaka ishirini na macho yangu yanaona mpaka Uganda. Koku akaivaa.

Akaingia chumbani, akachuchumaa upande wa pili wa fremu. Tunamwona mikono na kilemba tu. Akawasha.

Mkono wake haukutikisika. Unga ulitoka mstari mmoja kama uzi. Anatoli akasema, "Shemeji, wewe ni fundi." Akacheka, yule mwanamke, kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipouza shamba letu la Nyakato.

Miaka ishirini na miwili hajagusa randa yangu. Hajawahi kuomba. Sijawahi kumpa. Nimekaa uani peke yangu nikawaambia kuku kwamba mashine inayoendeshwa na kila mtu siyo ufundi. Kuku wakaondoka.

Namwonea wivu Anatoli kwa mashine, kwa mama mkwe, na sasa kwa kicheko. Sikula jioni.

Ijumaa, 16 Mei.

 Niandike polepole.

Asubuhi Koku aliendelea na msumari wa kwanza wa ndani. Bledi ya kijani ikafa. Nyingine ikafa. Anatoli akasema chuma gani hiki, mzee alikipata wapi. Nikasikia akisema "mzee" nikanyamaza. Zikabaki mbili. Kesho mama anakuja. Simu ilishapigwa, gari limeshapatikana, hawezi kubaki hospitali siku nyingine, kitanda kina mtu wake.

Koku akaingiwa na haraka. Akasahau alichofundishwa, akaegemea mashine kwa uzito wake wote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili, sebuleni. Niliona ncha ya bledi ikikatika. Nikasikia, tak. Mashine ikaanguka. Koku akakaa chini.

Nikaita. Hakujibu.

Nikaingia. Ndiyo. Nimekanyaga chumba cha mama mkwe, na viatu vyangu, nikamshika mke wangu kichwa. Kioo cha kushoto cha miwani kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na katikati ya ufa kipande cha bledi kimesimama kama mwiba wa samaki. Nyuma yake jicho lake zima linapepesa.

"Sijaumia," akasema. "Mbona umeingia humu?"

Miwani niliyoicheka mimi.

Nikasema yote pale pale, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha mkwe. Kwamba hakuna kigingi. Kwamba mzee hakuongeza kitu. Minane, ya zege, nimeipiga mimi kwa mkono huu. Anatoli alisikia kutoka sebuleni. Jovina alisikia kutoka jikoni. Nadhani mpaka jirani alisikia, maana nilikuwa siwezi kupunguza sauti.

Koku akavua miwani. 

"Baba alikufa akivisifu vigingi vyako," akasema. "Siku ya mwisho kabisa, mapadri wametoka, anasema, Koku, nyumba yangu haina msumari."

Niliokota mashine sakafuni, nikatoa betri. 

Anatoli ndiye aliyesema kitu cha maana. "Kaka, kama ni ya zege, tulikuwa tunapoteza muda. Inataka kabaidi." Basi. Hakuniambia mwongo. Hakuniambia angalia ulichofanya. Alisema saizi ya tundu la kubania, akaniambia nikamwonyeshe mwenye duka bledi iliyokufa asinipe isiyoingia, na kwamba meno ya kabaidi yanaonekana, ni punje punje zilizobandikwa, rangi ya kijivu, siyo meno yaliyochongwa kwenye bati lenyewe.

Nilipanda pikipiki mpaka Muleba mjini. Duka la kwanza hawana. La pili walinipa za mbao, nikazirudisha. La tatu, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye baraghashia akanitolea mbili kutoka chini ya meza, akauliza nakata nini. Nikamwambia misumari ya zege ndani ya mvule. Akauliza, "Nani mjinga aliyeweka misumari ya zege kwenye mvule?"

Nikamwambia, "Mimi."

Nimerudi saa kumi na mbili, jua bado lipo. Koku hajazungumza nami. Amenipa chakula.

Jumamosi, 17 Mei.

Saa moja asubuhi Anatoli akafunga bledi mpya. Akaikata ile ya sebuleni iliyobaki, mitatu. Dakika mbili kwa kila mmoja, cheche chache, basi. Kati ya msumari na msumari akaipumzisha mashine, akaigusa kwa kiganja kama unavyopima homa.

Kisha akanyoosha mkono, akampa Koku kupitia mlangoni. Miwani nyingine hakuna, akavaa ile ile yenye ufa, ameuziba kwa utepe wa gundi. Nikamwambia usiegemee. Ndiyo neno pekee nililosema asubuhi yote. Hakuegemea. Minne, mmoja mmoja. Wa mwisho ulipokatika fremu ilitoa pumzi, ikaniangukia mikononi. Nzito. Ukuta haukudondosha hata chembe.

Nikaibeba nje, nikaiegemeza ukutani kwenye njia ya kuingilia. Ningeweza kuificha migombani. Niliifikiria migomba. Nikaiacha pale. Vile vipande vinane vya chuma vinang'aa pembeni, vipya, kama sarafu.

Gari lilifika saa nane. Mama mkwe amepungua, amebaki mabega na macho. Tukamshusha, tukamkalisha kwenye kiti. Anatoli akasukuma. Walipofika kwenye fremu, mama akainua mkono. Kiti kikasimama.

Akaitazama. Akaomba asogezwe. Akapitisha kidole kwenye chuma cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane. Niliona midomo yake ikihesabu. Majirani walikuwepo, wengine ndio wale wale wa siku ile, sasa wana mvi.

"Kumbe," akasema.

Kisha akauliza nani ameikata.

"Mimi, mama," Koku akasema. "Na Anatoli."

Mama akamtazama Koku sana. Koku akapokea kiti, akakiingiza. Mlangoni kilipita na nafasi ya kidole kila upande. Pazia likashuka.

Jumapili, 18 Mei.

Wameenda misa. Koku, Anatoli, Jovina, wote. Mvua ilinyesha alfajiri, sasa kuna jua kwenye migomba. Nimeambiwa nibaki na mgonjwa.

Siwezi kuingia. Mara moja imetosha. Nimechukua kigoda, nimekaa sebuleni, nimelipa pazia mgongo, kama inavyotakiwa. Daftari liko gotini.

Koku ameanza kusema nami tangu asubuhi. Aliniomba chumvi. Kisha akasema mama yake mdogo kule Kamachumu ana dirisha lililokwama na wamemwomba akalitazame, yeye, siyo mimi. Ataazima mashine. Nikamwambia sawa. Anatoli bado namwonea wivu. Sasa na Koku pia.

Nilidhani mama mkwe amelala nyuma ya pazia. 

"Kaijage."

"Waitu," nikaitika kwa adabu.

"Vile vigingi ulivyochonga. Ulivipeleka wapi?"

Nilikuwa na hadithi tatu tayari mdomoni. Moja ilikuwa na mamba.

"Nilivichoma moto, mama. Kwenye jiko lako. Ulinipikia chai kwa moto ule."

 Kitanda kikalia kidogo.

"Ilikuwa chai nzuri," akasema. "Usiondoke."

Sijaondoka.